Spika za nyuma zimenyamaza: kurekebisha sauti ya 5.1 kwenye DVD uliyochoma mwenyewe

Usianze na kompyuta. Chukua diski yoyote ya dukani yenye sauti ya 5.1 (chaneli tano na moja ya sabufa), itie kwenye deki ileile usikilize. Ikitoka stirio nayo, faili lako halina kosa: tatizo ni deki, kebo au televisheni iliyo katikati. Jaribio hili la dakika mbili watu huliruka, wakakesha wakibadilisha faili lisilo na ubaya.

Kebo ya optiko haina nafasi ya PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa) ya chaneli sita. Inapitisha PCM ya chaneli mbili, au 5.1 iliyobanwa kwa miundo kama AC-3 (Dolby Digital) na DTS. Kwa hiyo sauti ya kidijitali ya deki ikiwekwa "PCM" kwenye menyu, deki huifungua 5.1 na kuibana kuwa stirio kabla haijatoka. Weka "Bitstream", ampilifaya ndiyo ifanye kazi ya kuifungua. Pia baadhi ya televisheni hupokea 5.1 kwa HDMI kisha zikatoa stirio tu kwenye tundu la optiko. Unganisha deki na ampilifaya moja kwa moja uone.

Kama diski ya dukani ni nzima, rudi kwenye faili. Lifungue kwa MediaInfo, programu inayoonyesha maelezo ya faili, usome sehemu ya sauti. Likionyesha chaneli 2, hakuna amri itakayozaa 5.1 ya kweli. Ukilazimisha sita utapata stirio ileile na chaneli za ziada tupu. Angalia pia kama lina mikondo miwili ya sauti, stirio ikiwa ya kwanza. Programu nyingine huchukua wa kwanza bila kuuliza.

Sasa kodeki, yaani namna sauti ilivyobanwa. DVD-Video haiijui AAC wala E-AC-3, ambazo ndizo hujaa kwenye faili za MP4 na MKV. Kwa 5.1 tumia AC-3 ya 48 kHz isiyozidi kilobiti 448 kwa sekunde. Kilobiti 640 ni za Blu-ray. Ukizitia kwenye DVD bila kuzipunguza, kompyuta itacheza vizuri tu na deki ndiyo itakayokwama au kunyamaza. DTS inaruhusiwa, lakini deki nyingi huipitisha tu bila kuifungua, kwa hiyo asiye na ampilifaya ya DTS hasikii kitu.

Amri ya FFmpeg, programu ya kubadilisha faili za sauti na video, ni hii:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:a:1 -c:a ac3 -b:a 448k -ar 48000 -ac 6 sauti.ac3

Hesabu ya mikondo huanzia sifuri, kwa hiyo 0:a:1 ni mkondo wa pili. Chanzo cha 7.1 kitachanganywa kuwa 5.1, maana AC-3 inaishia hapo. FFmpeg ikiandika "5.1(side)" usishtuke, ni kawaida. Na kama chanzo tayari ni AC-3 iliyo ndani ya mipaka hiyo, usiibane tena: weka -c:a copy, uondoe -b:a, -ar na -ac.

Mazungumzo yakitokea kushoto na muziki ukajaa spika ya kati, mpangilio wa chaneli umevurugika. AAC hupanga kati, kushoto, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, sabufa. WAV huanza kushoto, kulia, kati, sabufa, ndipo nyuma. Programu isiyotafsiri tofauti hiyo huhamisha kila kitu. WAV iliyoachwa kwa mpangilio wa AAC hurekebishwa kwa kuongeza:

-af "pan=5.1|FL=c1|FR=c2|FC=c0|LFE=c5|BL=c3|BR=c4"

Sauti kupishana na picha kuna sura mbili, na dawa zake hazifanani. Ikipishana na midomo kwa kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho, huenda faili la MKV lilikuwa na ucheleweshaji uliopotea ulipoitoa sauti peke yake. MediaInfo huonyesha ni milisekunde ngapi. Kama ni 120, tumia -af "adelay=120:all=1". Ikianza sawa kisha ikazidi kuachana, video ya fremu 23.976 imeharakishwa kuwa 25 za PAL (mfumo wa televisheni wa fremu 25 kwa sekunde) na sauti ikaachwa nyuma. Hapo ni -af "atempo=1.04271".

Kwenye programu ya kutengeneza diski, kama DVDStyler, chagua sauti inakiliwe tu, isibanwe upya. Hapa ndipo 5.1 nyingi hugeuka stirio kimyakimya. Kabla ya kuchoma, fungua folda ya VIDEO_TS kwa VLC, utazame maelezo ya kodeki: 5.1 huandikwa 3F2R/LFE. Ukiona "Stereo", rudi hatua moja. Diski ya kwanza ichome kwenye DVD-RW, ikikosea uifute.