Kabla ya Kulipia Mafunzo ya Urubani: Mambo ya Kuzingatia

Anayetamani kuwa rubani wa ndege za biashara aghalabu huanza kwa kutafuta chuo na kuulizia ada, ilhali mtu wa kwanza anayepaswa kumwona ni daktari. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambacho nchi wanachama hukitumia kama msingi wa kanuni zao za leseni, kinamtaka rubani wa kibiashara awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na cheti hicho hutolewa baada ya kupimwa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, si na daktari yeyote tu. Huko hupimwa macho, masikio, moyo, mapafu na mkojo, na mwombaji huulizwa historia yake ya magonjwa, yakiwemo ya akili.

Wapo vijana wengi wanaokata tamaa bure kwa sababu wanavaa miwani, ingawa miwani si kizuizi maadamu macho yakiwa nayo yanafikia kiwango kinachotakiwa. Upo pia upande wa pili wa jambo hili, nao ni mchungu zaidi: mtu asiyeweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani anaweza kufika utu uzima bila kujijua, akaja kuligundua tatizo lake siku anapowekewa mbele vibao vya nukta za rangi vya Ishihara. Kuligundua kabla ya kulipa ada ni huzuni ya siku chache, lakini kuligundua baada ya familia kuuza mali ni msiba. Ndiyo maana kipimo hiki kitangulie kila kitu, na mwombaji ajibu maswali ya daktari kwa ukweli mtupu, kwa kuwa ugonjwa uliofichwa leo unaweza kujitokeza katika vipimo vya baadaye, na vipimo hivyo vitamwandama maisha yake yote ya kazi: cheti cha daraja la kwanza hudumu kwa kawaida miezi 12 tu.

Afya ikishathibitishwa, lifuatalo ni fedha, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Bei inayotangazwa na chuo mara nyingi imejengwa juu ya kima cha chini cha saa za kuruka. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani wa kibiashara wa ndege huhitaji saa 200, au 150 kwa anayefuata kozi iliyoidhinishwa tangu mwanzo hadi mwisho, na kila nchi ina ruhusa ya kudai zaidi ya hapo. Mwanafunzi wa kawaida huvuka kima hicho, kwa sababu hali ya hewa huahirisha masomo, ndege huingia karakana, na anayekaa wiki tatu bila kuruka hulazimika kulipia saa nyingine ili arudishe wepesi wa mikono aliokuwa ameupata. Kadiria basi saa za ziada, mitihani ya kurudia, vifaa, vipimo vya afya, malazi na chakula kwa muda wote wa masomo, kisha ongeza kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo pale mawingu yanapoziba macho, na kibali cha ndege za injini zaidi ya moja. Bila vibali hivyo viwili, leseni mpya mkononi haina soko kubwa.

Tena hesabu isiishie kwenye leseni. Iendelee hadi mshahara wa kwanza, kwa sababu kati ya vitu hivyo viwili kuna bonde ambalo vipeperushi vya vyuo hulipita harakaharaka. Leseni ya juu kabisa, ile inayomruhusu mtu kuwa rubani kiongozi katika shirika la ndege kubwa, huhitaji saa 1,500. Nchini Marekani, kufuatia ajali ya ndege ya abiria iliyoanguka karibu na Buffalo mwaka 2009, hata rubani msaidizi wa mashirika ya ndege anatakiwa tangu mwaka 2013 kufikia kiwango hicho, isipokuwa makundi machache yaliyopunguziwa saa, kama vile marubani waliotoka jeshini. Kwingineko mashirika yanaweza kumwajiri mwenye saa chache zaidi, ila baadhi yao humtaka ajilipie mwenyewe mafunzo ya aina mahususi ya ndege watakayomkabidhi. Ni wajibu wa mwombaji kujiuliza mapema atazijaza vipi saa hizo: kwa kufundisha wanafunzi wengine, kubeba warukaji wa miavuli, kupiga picha za angani au kunyunyizia mashamba dawa. Kazi hizi zina heshima yake na hufundisha mengi, lakini malipo yake mara nyingi ni madogo, na mkopo wa masomo haumsubiri mtu. Isitoshe, ajira za anga hupanda na kushuka ghafla; waliohitimu kuelekea mwaka 2001 na mwaka 2020 walikuta milango imefungwa kwa sababu ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezisababisha.

Kuhusu chuo, hakikisha kwanza kwamba kimeidhinishwa na mamlaka ya nchi kilipo, na kwamba leseni yake itakubalika pale unapokusudia kufanya kazi, kwani kubadilisha leseni ya nchi moja kuwa ya nyingine huweza kudai mitihani mipya. Uliza ndege ngapi zinaruka leo hii, si ngapi zimeegeshwa. Uliza kila mwalimu ana wanafunzi wangapi. Kisha tafuta wanafunzi waliopo uwaulize wameruka mara ngapi mwezi uliopita. Usikubali kulipa ada yote kwa mkupuo. Chuo kikifilisika, aliyelipa kwa awamu hupoteza awamu moja, na aliyelipa yote hujiunga na foleni ya wadai.

Masomo ya darasani hayahitaji kipaji cha pekee: hesabu na fizikia za sekondari zinatosha kuwa msingi. Kiingereza kinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa tangu Machi 2008 marubani wa safari za kimataifa wanatakiwa kufikia angalau daraja la 4 la umahiri, na anayeishia hapo, kwa pendekezo la kimataifa, hupimwa upya angalau kila baada ya miaka mitatu, ingawa baadhi ya nchi hutofautiana.

Baada ya hayo yote, lipia somo moja la majaribio angani kabla ya kujisajili, ukiwa kwenye ndege ndogo yenye joto, kelele na mtikisiko. Na kwa kuwa cheti cha afya kinaweza kuondoka na ugonjwa wa wiki moja hata kwa rubani mwenye miaka ishirini kazini, jipatie pia ujuzi mwingine unaoweza kukulisha, kisha ukishaanza kazi ulizia bima ya kupoteza leseni kabla hujaihitaji.