Kitabu cha kuanzia Kijapani: someni hapa kabla ya kunifuata inboksi

Kila mara natumiwa picha ya jalada, "Mkuu, hiki kinafaa?" Haya, majibu yote haya hapa.

1. Hiragana na katakana kwanza, yaani seti mbili za herufi za Kijapani, herufi 46 za msingi kila moja. Kitabu kinachotumia herufi za Kirumi (a, b, ch hizi zetu) hadi mwisho, kiache dukani.

2. Huna hela? Irodori, ya Japan Foundation, taasisi ya utamaduni ya Japani. Kitabu na sauti unapakua bure, na kimelenga mtu anayekwenda kuishi na kufanya kazi Japani. Printi somo mojamoja, nyeusi na nyeupe.

3. Unajisomea peke yako na Kiingereza kinapanda? Genki. Sarufi inaelezwa humohumo ndani. Mazungumzo ni ya wanafunzi wa chuo, vumilia.

4. Minna no Nihongo: hapa soma polepole, ndipo watu wanapoliwa. Kitabu kikuu ni Kijapani kitupu. Tafsiri na maelezo ya sarufi yako kwenye kitabu kingine, kinachouzwa peke yake. Unalipa, mzigo unapanda basi Dar, unaufungua Mwanga hapa Kigoma, huambulii kitu. Kabla ya kutuma pesa, dai picha ya kurasa za ndani. Ukinunua cha tafsiri, hakikisha ni ya Kiingereza. Ipo hadi ya Kichina. Na kama huna mwalimu, achana nacho kwa sasa.

MASWALI

– Mkuu, kwa hiyo kipi kizuri?
– Umesoma?
– Ndefu. Taja kimoja.
– Irodori. Namba 2.

– Samahani kaka, Kijapani kinatamkika karibu kama Kiswahili. Herufi za Kirumi zina ubaya gani?
– Swali zuri sana, dada. Irabu ni hizohizo tano, na silabi nyingi zinaishia na irabu, kwa hiyo utasoma kwa raha tangu siku ya kwanza. Ndio mtego. Mtihani wa JLPT, ule wa kupima Kijapani chako, hata ngazi ya N5 ya chini kabisa, hauna sentensi za herufi hizo. Halafu irabu fupi na ndefu zinabadili maana, na vitabu vingi vya Kirumi haviandiki tofauti hiyo. Kwenye hiragana unaiona.

– Mimi naandikia daftari la hesabu, herufi moja kila kiboksi.
– Safi. Fuata na mpangilio wa mistari ya kila herufi, upi unaanza.
– La viboksi vikubwa linapatikana Ujiji?
– Mimi nilipata steshenari ya karibu na sokoni. Wahi, shule zikifunguliwa yanaisha.