Ajenti wako hajui Kenya ni wapi: kuandika maelezo ya zana

Juzi nilimsaidia mama mmoja wa hapa Lubumbashi, mwenye duka la simenti na mabati Kamalondo. Alitaka ajenti wa akili mnemba ajibu wateja kwenye WhatsApp: bei, stoki, gharama ya kupeleka mzigo. Kode niliimaliza mchana mmoja. Maelezo ya zana yalinila siku tatu. Zana ni kipande cha kode ambacho ajenti anaweza kukiita, mfano cha kutafuta bei; maelezo yake ndiyo yanamwambia akiite lini. Siku ya pili akanipigia: "Mwanangu, hii mashini yako inasema hatupeleke mizigo inje ya inchi. Mteja iko Kenya, hapa hapa!" Kenya kwetu ni komine, yaani wilaya ya mji wa Lubumbashi.

Kuunganisha WhatsApp na kupata ufunguo wa API (neno la siri la kuifikia akili mnemba) sielezi.

Hatua ya 1: Jina

Kitendo na kitu: `tafuta_bei`, `angalia_stoki`, `hesabu_usafiri`. Basi.

Hatua ya 2: Maelezo

Modeli, yaani akili mnemba yenyewe ndani ya ajenti, haioni kode yako. Inasoma jina, maelezo na vigezo (nafasi inazopaswa kujaza, kama mahali au kiasi), kisha inaamua. Mimi nilikuwa nimeandika "Inatoa gharama ya usafiri", nikaona inatosha kwa sababu kode niliijua. Andika kama unamwachia duka kijana aliyeshuka jana kutoka Kinshasa: sentensi tatu au nne. Zana inafanya nini, itumike lini, isitumike lini, inarudisha nini.

Hiyo ya "isitumike lini" ndiyo watu huiruka. Mteja akiandika "simenti iko?" ajenti alikuwa anamtajia bei. Dawa ilikuwa sentensi moja ndani ya `tafuta_bei`: "Usitumie zana hii kujua kama bidhaa ipo, tumia `angalia_stoki`."

Usiiombe AI ikuandikie maelezo haya. Itakupa maneno laini yasiyojua duka lako. Yaandike kwa mkono. Mimi huyaandika kwa Kifaransa, na mifano ya maneno ya wateja naiacha kwa Kiswahili chetu. Hapa nimeyageuza yote kwa Kiswahili.

Hatua ya 3: Vigezo

Hapa ndipo siku zangu zilipoenda.

Lubumbashi ina komine saba: Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Ruashi. Modeli ikisikia Kenya inafikiri Nairobi. Wazo langu la kwanza lilikuwa kufunga kigezo cha `mahali` kwa `enum`, orodha ya thamani zinazoruhusiwa tu, yenye hizo saba. Haikusaidia. Nilichimba kode saa nyingi, hadi nilipofungua logi (kumbukumbu ya kila kilichofanyika) nikakuta zana haikuitwa kabisa. Ajenti alisoma "Kenya", akaamua mwenyewe kwamba ni nchi ya mbali, akamkatalia mteja bila kugusa zana. Kwa hiyo kabla hujalaumu kode, angalia kwanza kama zana iliitwa.

Kilichotibu ni kuweka jambo hilo mwanzoni mwa maelezo ya zana yenyewe:

"Inahesabu gharama ya kupeleka mzigo ndani ya mji wa Lubumbashi tu. Mteja akitaja Kenya, anamaanisha komine ya Kenya, si nchi. Ita zana hii. Akitaja Lubumbashi peke yake, muulize kama ni komine au mji, kwa maana majina ni sawa. Inarudisha kiasi katika franka za Kongo."

Orodha niliibakiza, lakini nikaongeza thamani ya nane: `haijulikani`. Bila hiyo, kigezo kikiwa cha lazima, modeli inabahatisha ili mradi ijaze. Mteja aliyeandika "karibu na kanisa" alihesabiwa Ruashi.

Kisha makuta, yaani pesa. Kigezo nilikuwa nimekiita `bei`. Dola au franka? Hapa kwetu zote zinatembea. Sasa ni viwili: `kiasi` na `sarafu`, na sarafu ni `USD` (dola) au `CDF` (franka) tu. Ukidhani umemaliza, kumbuka wateja wanaandika "25.000 FC" kwa nukta, na kwenye JSON, muundo ambao modeli hutumia kuipa zana data, 25.000 ni ishirini na tano. Andika wazi katika maelezo ya kigezo: "Namba kamili bila nukta wala nafasi, mfano 25000."

Tarehe: mwaka-mwezi-siku, na utoe mfano. Saa: sema ni ya Lubumbashi, maana Kinshasa iko nyuma yetu saa moja.

Hatua ya 4: Makosa

Zana ikirudisha "kosa 400", namba tupu ya kosa, ajenti atarudia kilekile mpaka uchoke. Rudisha sentensi: "Komine haikutambuliwa. Muulize mteja anakaa komine gani."

Hatua ya 5: Jaribu

Usijitungie maswali, utaandika Kiswahili safi ambacho hakuna mteja anayekiandika. Nilimwomba mama jumbe za zamani kutoka simu yake, nikatoa majina na namba, nikabaki na arobaini. Kila nikibadili sentensi moja ya maelezo, nazipitisha zote upya, hata zile zilizokuwa sawa jana, kwa sababu sentensi ya `tafuta_bei` iliwahi kuniharibia `angalia_stoki`. Jumbe za sauti bado sijazigusa.