Bunduki ya Babu: Soma Chuma Kabla ya Hadithi

Mimi ni fundi wa masanduku na milango ya kale hapa Langoni, Lamu. Bunduki si kazi yangu, lakini mwenye kujua mbao na chuma cha zamani huitwa kwa kila kitu. Mwaka jana jirani alibomoa dari ya nyumba yao kule Mkomani, wakakuta bunduki imefungwa ndani ya jamvi. "Hini ni ya babu," mzee akaniambia, "aliipata vita vya Witu." Vita hivyo ni vya 1890, Waingereza walipouchoma mji. Moyo wangu ulipiga.

Sikuigusa. Hili ndilo la kwanza: kuwa na silaha bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura 114, na usitegemee uzee wake ukulinde. Iacheni ilipo, piteni mbali na upande wa mdomo wake, mpigieni OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Huwezi kujua kama ina risasi, na gobore laweza kukaa na baruti tangu enzi za babu. Usiipande nayo mashua kuniletea mimi. Askari walikuja, wakaikagua, na siku ya pili mimi na mzee tukaisoma juu ya meza ya kituo, na tochi na kioo cha kukuzia.

La pili, usiisafishe. Nalisema kama fundi aliyewahi kuharibu. Nikiwa kijana nilipiga msasa kitako cha bunduki ya ukutani ya mtu wa Malindi, nikapaka vanishi mpaka iking'aa kama kabati la harusi. Kumbe mihuri ya kiwanda ilikuwa ndani ya ule mbao. Niliifuta yote, na bei ikaenda nayo. Mnunuzi anayejua hulipia rangi ya uzee na alama, si mng'aro. Kutu ikikutisha, mwenye leseni apake mafuta mepesi kwa kitambaa, basi.

Sasa tusome. Tazama kwanza inavyopakiwa. Kama ni kwa mdomo, ni gobore. Mengi yana neno TOWER, yaani ghala la silaha la Waingereza kule London, na taji kwenye bamba la mtambo, lakini usishangilie, maana muhuri huo uliigwa sana. Tafuta kwenye mtutu herufi ELG ndani ya duara la yai: hiyo ni Liège, Ubelgiji, na ikiwa na taji juu yake imepigwa 1893 au baadaye. Kama ina mkono wa chuma chini ya kifyatulio na huingia risasi moja moja, huenda ni Martini-Henry, iliyoingia jeshi la Uingereza 1871. Ya bolti, yaani kile chuma kinachovutwa nyuma kwa mkono kuingiza risasi, ya risasi moja, yenye mtutu mpana wa milimita 11, yaweza kuwa Mauser ya 1871, ile waliyokuwa nayo askari wa Wajerumani Tanganyika.

Ya mzee ilikuwa na bolti na sanduku la risasi kumi. Lee-Enfield hiyo, bunduki ya jeshi la Uingereza. Hapa hazina iko upande wa kulia, kwenye pete ya chuma inayobana kitako, chini ya mkono wa bolti. Humo husoma taji, herufi za mfalme, kiwanda, mwaka na aina. V.R. ni Victoria, aliyefariki 1901, E.R. ni Edward wa Saba, 1901 hadi 1910, G.R. ni George. Ukikuta V.R. na mwaka 1919, au herufi N imegeuzwa, ni ya kuigiza kutoka mafundi wa mpaka wa Pakistani na Afghanistani. Alama ya mshale, kama mguu wa kuku, ni mali ya serikali. Mishale miwili ikikutana ncha kwa ncha, serikali iliiuza.

Tukasugua pete kwa kidole tu: G.R., ENFIELD, 1917, SHT. L.E., III*, yaani Lee-Enfield fupi, aina ya tatu yenye nyota. Mzee akanyamaza.

Kisha nambari. Ilinganishe ya mwili na ya bolti, ya mtutu, ya kilengeo na ya kofia ya mdomo. Zikilingana zote, bei hupanda sana. Ya mzee, bolti ilikuwa ya bunduki nyingine.

Bei yenyewe sitakutajia, na anayekutajia bila kuiona mtutu ndani anakuuza. Usiangalie bei wanazoomba watu. Angalia zilizouzwa mnadani ng'ambo kwa bunduki ya mwaka, kiwanda na hali ileile, halafu toa ada ya mnada. Tena soko la huko si la hapa: kwetu anayeweza kununua ni mwenye leseni tu, kwa hiyo wanunuzi ni wachache. Na mwaka una kazi nyingine. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje kwahitaji kibali. Kwa Marekani, bunduki huhesabiwa ya kale ikiwa imetengenezwa 1898 au kabla.

Bunduki ilibaki kituoni. Mzee aliomba tu nambari iandikwe kwenye karatasi, akaikunja ndani ya kofia yake. Wiki mbili baadaye alinipigia: sasa babu alikuwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, alipigana na Wajerumani. Nikamwambia, mzee wangu, mwaka wa chuma unakubali hilo. Alete karatasi ya jeshi.