SOMO: Kuchagua levo ya ugumu kwenye Skyrim bila kujidanganya

Wakuu, kila akija mtu mpya wa Skyrim, ile gemu ya mapanga, uchawi na majoka, swali huwa lile lile: nianze na levo gani? Na majibu mengi ni ya kutunisha misuli: "Weka Legendary, acha utoto." Mimi niliufuata ushauri huo nikiwa na mchawi mchanga kabisa, na nitawasimulia hapo chini alivyokoma. Kwanza tujue levo inafanya nini, maana wengi wanaigusa kwa jina tu.

Hatua ya 1: Piga hesabu

Gemu hii ilitoka tarehe 11 Novemba 2011 ikiwa na levo tano. Ya sita, Legendary, ilikuja na sasisho la 1.9 mwaka 2013. Menyu haina Kiswahili, kwa hiyo mimi huyasoma majina hivi: Novice ni mgeni wa kazi, Apprentice mwanagenzi, Adept anayejiweza, Expert fundi, Master fundi mkuu, na Legendary ni yule wa kusimuliwa vijiweni. Usipogusa kitu, unaanzia Adept.

Levo haiongezi idadi ya maadui. Haiwapi akili, haijazi dhahabu kwenye makasha, wala haigusi hadithi. Inabadilisha mambo mawili tu: pigo lako linamuumiza adui kiasi gani, na lake linakuumiza wewe kiasi gani.

- Novice: unapiga mara 2, unaumia nusu
- Apprentice: unapiga mara 1.5, unaumia robo tatu
- Adept: kila kitu kama kilivyo
- Expert: unapiga robo tatu, unaumia mara 1.5
- Master: unapiga nusu, unaumia mara 2
- Legendary: unapiga robo, unaumia mara 3

Sasa ziunganishe pande zote mbili. Kuanzia Novice hadi Master, kila ukipanda kidato kimoja ugumu unakuwa maradufu. Master ni mara 4 ya Adept. Ungetegemea Legendary iwe mara 8, lakini ni mara 12. Ni kama ngazi ya ghorofa ambayo fundi alikosea vipimo, kidato cha mwisho kikakufika kiunoni.

Tuache deraya na ngao pembeni. Jambazi ana damu 100 (damu ndiyo kipimo cha uhai, ikifika sifuri umekufa), upanga wako unakata 20. Kwenye Adept atalala kwa mapigo 5, kwenye Legendary mapigo 20. Naye akikupiga 15 kwenye Adept, kwenye Legendary hiyo ni 45. Unaanza gemu na damu 100, kwa hiyo pigo la tatu linakumaliza, na yeye bado ana mapigo 17 ya kusubiri.

Hatua ya 2: Jipime Bleak Falls Barrow

Acha Adept mpaka utoke Helgen, mji ambao gemu inaanzia, na joka lake. Ukielekea kijiji cha Riverwood utapita yale mawe matatu ya Walinzi. Chagua moja, linaharakisha ujuzi wako. Okota ngano na yale maua ya bluu ya mlimani, vichanganye kwenye meza ya dawa, utapata dawa ya kurudisha damu bila kutoa hata sarafu. Halafu sevu kwenye nafasi mpya. Usitegemee sevu ya gemu yenyewe. Tunajua umeme wetu.

Panda sasa Bleak Falls Barrow, lile kaburi la kale la mlimani. Lina vipimo vyote: majambazi nje, buibui mkubwa katikati, na mwisho yule draugr, maiti anayetembea, anayechomoka kwenye jeneza karibu na ukuta wenye maandishi. Ukimaliza bila kufa na dawa zimebaki zote mfukoni, panda kidato kimoja. Ukifa mara mbili tatu lakini kila mara ukajua ulikosea wapi, baki hapo hapo, hiyo ndiyo levo yako. Ukifa tu, hujui hata kilichokupiga, shuka. Kipimo changu ni hicho cha kujua kosa. Idadi ya vifo haijawahi kuniambia kitu.

Hatua ya 3: Angalia unapigana vipi

Hapa ndipo watu wanapotea, kwa sababu levo moja haiwi sawa kwa wote.

Mpiga mishale anayejificha anaonewa kidogo sana. Mshale wa kuvizia unaumiza mara mbili hata kabla hujanunua ujuzi wowote, na asiyekuona hakupigi, kwa hiyo ile "unaumia mara 2" ya Master inabaki kwenye karatasi. Mtu wa upanga na ngao ataanza kwa tabu, lakini silaha yake inanolewa na deraya inaimarishwa, hivyo anaifukuzia levo taratibu.

Mchawi wa moto, pole yake. Ujuzi wake ukipanda, uchawi unapungua bei tu, nguvu ya moto haiongezeki kwa kiasi cha kutisha. Mimi niliingia Legendary na ule moto wa mwanzo wa kutoka mikononi. Kawaida unachoma 8 kwa sekunde. Pale unachoma 2. Nguvu za uchawi zinakwisha kwa sekunde saba hivi. Nilikuwa nasimama mbele ya jambazi nikimpulizia kama mtu anayehangaika na mkaa uliolowa, yeye anatembea tu kunifuata na shoka. Jioni nzima iliishia kwa jambazi mmoja, tena wa mlangoni. Mchawi aanze Adept, na akitaka makuu, ajifunze kuita viumbe wampiganie.

Hatua ya 4: Badilisha bila aibu

Ingia System, Settings, Gameplay, kisha Difficulty. Inakubali hata katikati ya vita. Mimi hupanda kidato nikishaanza kujitengenezea silaha nzuri, maana hapo Adept inageuka matembezi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikishusha levo nanyimwa tuzo zozote?
Jibu: Hapana. Hakuna tuzo hata moja inayodai levo fulani. Kinachozuia tuzo kwenye Special Edition, lile toleo jipya la gemu, ni kuweka modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji.

Swali: Mwanangu ana miaka tisa, anang'ang'ania. Nikimwekea Novice itamfaa?
Jibu: Hapana, dada yangu. Novice inapunguza maumivu, damu na vichwa vinavyokatwa vinabaki pale pale. Gemu inaanza na watu kukatwa vichwa kwa shoka Helgen. Marekani imewekewa alama ya miaka 17 na kuendelea. Mtafutie nyingine kwanza.

Swali: Lydia, yule msaidizi anayekufuata na kupigana upande wako, naye anapunguziwa nguvu kwenye Legendary?
Jibu: Hapunguziwi. Ile robo ni ya kwako peke yako. Ndiyo maana kwenye levo za juu rafiki mwenye shoka zuri anafanya kazi kuliko wewe. Wengine wanaona ni kuiba mtihani. Mimi naona Lydia ameajiriwa, afanye kazi.

Swali: Niko Novice na bado jitu limenirusha mawinguni kwa rungu. Gemu mbovu?
Jibu: Karibu Skyrim, kaka. Sote tumeruka. Jitu halina shida na wewe mpaka usogee karibu au umguse mamothi wake. Likikanyaga chini na kuinua rungu, linakuonya. Rudi nyuma taratibu.

Swali: Na ile Survival nayo ni levo?
Jibu: Ni swichi ya pembeni, unaweza kuiwasha hata ukiwa Novice. Inaleta njaa, baridi na uchovu, damu hairudi yenyewe, na safari za haraka za ramani zinafungwa. Tangu Novemba 2021 wenye Special Edition wanaipata bure. Jaribu Apprentice pamoja na Survival. Mbwa mwitu hatakusumbua, ila usiku mmoja karibu na Winterhold, kule kwenye theluji, bila supu ya moto utakusumbua sana.