Ng'ombe wakijazana upande mmoja wa malisho

Kabla hujamlaumu mchungaji, wafungulie asubuhi, kaa chini, uwatazame mpaka saa nne bila kuwapigia mluzi. Mimi nina ng'ombe 18 hapa Kisongo, nje kidogo ya Arusha, na hivyo ndivyo nilivyogundua kosa langu.

Jiwe la chumvi nililiweka kando ya birika la maji, nikiona nawasaidia. Wakawa wanakunywa, wanalamba, wanalala palepale kucheua. Kiangazi kilipokolea, pembeni mwa birika palikuwa vumbi na samadi tu, huku upande wa mashariki majani yamekomaa mpaka yamekuwa mabua. Nikalihamishia huko, chini ya mgunga, pamoja na bonge la magadi. Siku mbili niliwaswaga mwenyewe wapajue. Siku ya tatu yule jike mkongwe mwenye pembe iliyovunjika alitangulia, wengine nyuma yake. Weka mawe mawili ya chumvi yaliyoachana hatua ishirini hivi, maana yeye akishika moja, mitamba hawasogei.

Maji yenyewe huwezi kuyahamisha kirahisi, na ng'ombe hapendi kulisha mbali nayo. Ukiweza kuvuta mpira mpaka birika la pili, fanya hivyo kabla ya kununua uzio wowote. Mteremko mkali pia wanaukwepa, hasa wenye ndama wachanga. Huko waachie mbuzi.

Kivuli kikiwa kimoja, mbolea yote inaishia hapo. Usikate migunga ya pembeni, tafadhali.

Jifunze pia kusoma nafasi kati yao. Majani yakiwa mengi wanakula karibu karibu. Yakipungua kila mmoja anajitafutia, kundi linatawanyika, na hapo ujue muda wa kuwahamisha umefika. Wakibanana mchana huku mikia haitulii, ni nzi. Wakijikusanya ghafla wote wanatazama upande mmoja, simama uangalie huko: fisi au mbwa. Na vile vichaka vya majani mabichi wanavyoviruka, usidhani ni vibaya. Sogea, utaona kinyesi katikati.

Ng'ombe mgeni, tuseme uliyemtoa mnada wa Meserani, atakula peke yake pembeni. Usimhesabu kuwa mgonjwa kwa hilo tu. Mtazame kama anacheua na kunywa, mpe siku kadhaa wenzake wamzoee.