Fimbo za gofu za mtumba: namna ya kuzikagua kabla hujatoa hela, kwa anayeanza akiwa Tanga

Sheria za gofu zinaruhusu fimbo 14 kwenye begi. Hicho ni kikomo, siyo sharti. Hakuna anayekuzuia kuingia uwanjani na fimbo sita. Kwa mtu wa Tanga hili lina maana kubwa, maana fimbo huku hupatikana kwa kuotea: moja imechanganyika na vyombo vya mtumba, mbili kwa jamaa aliyeacha mchezo, nyingine za kuagiza kwa mtu aliyeko Dar, Moshi au Mombasa. Ukisubiri seti kamili utasubiri sana, na ukiipata utalipia fimbo ambazo hutazigusa mwaka mzima.

Tafuta hizi kwanza: fimbo moja ya pata (ile ya kusukumia mpira shimoni), wedji ya mchanga, yaani fimbo fupi ya kuinulia mpira, ya digrii 54 hadi 56 (digrii ni mlalo wa uso wake), pichingi wedji (ile iliyoandikwa PW au P), aironi namba 9 na aironi namba 7 (fimbo za kichwa bapa cha chuma), na hibridi namba 4 au 5 (kama aironi, ila kichwa chake ni kinene). Aironi namba 3 na 4 utauziwa kwa bei ya kutupa kwa sababu hata wazoefu wanazikimbia, ziache hapohapo. Draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, nayo ije baadaye. Ndiyo inayopendeza kuliko zote machoni, na ndiyo inayomtesa mgeni kuliko zote: shafti (mpini) yake ndefu, uso wake umesimama, kosa dogo la mkono mpira uko vichakani.

Kabla ya lolote, angalia ni fimbo ya mkono gani. Ishike kama unayetaka kupiga. Kwa mtu wa mkono wa kulia, uso wa fimbo utazame kushoto kwake, upande ambao mpira utakwenda. Ukitazama kinyume, ni ya mashoto. Bei yake inaweza kuwa nzuri mno, na sababu ndiyo hiyo.

Kutu

Hewa ya chumvi haina huruma na chuma, na fimbo iliyokaa miaka nyumba ya karibu na bahari inaweza kung'aa kichwani huku shafti imeshaliwa. Kwa hiyo anza na shafti, kichwa kitafuata.

Pitisha ukucha polepole kuanzia juu ya ile pete nyeusi ya plastiki inayokaa pale shafti inapoingia kwenye kichwa, uende juu kama sentimita 15. Kutu ya juujuu ni madoa ya kahawia yanayotoka ukisugua na sufi laini ya chuma yenye tone la mafuta. Hiyo haina neno. Ukucha ukizama kwenye vishimo, rudisha fimbo. Shafti ya chuma ni bomba lenye ukuta mwembamba, na sehemu hiyo ya chini ndiyo inayobeba kishindo cha kila pigo. Ikikatika, kichwa kinaruka, na hakichagui kimpate nani.

Kuna kutu usiyoiona. Gripu (mpira wa kushikia) nyingi zina kitundu kidogo kwenye kitako chake, na maji huweza kupenyea humo. Geuza fimbo, kitako kiwe chini juu ya karatasi nyeupe, kisha gonga shafti kwa kiganja. Ukidondoka unga mwekundu, shafti inaoza kwa ndani na hakuna dawa.

Kichwa ni hadithi nyingine. Wedji nyingine zimetengenezwa kwa makusudi bila kupakwa kromu, hivyo zikipata kutu ni kawaida yake. Kinachohesabika ni mifereji ya usoni. Ichokonoe kwa kijiti cha meno kwanza, maana matope makavu hudanganya, kisha vuta ukucha kukatiza mifereji. Ukikwama kila mstari, wedji ina maisha. Ukiteleza kama kwenye kioo, mpira utatua na kukimbia badala ya kusimama. Kwa aironi namba 7 mifereji iliyolika kidogo si tatizo la mtu anayeanza. Kwa wedji ni sababu ya kushusha bei au kuondoka.

Shafti iliyopinda na ya grafaiti

Tazama shafti kwa jicho moja kwa urefu wake kutokea upande wa gripu, ukizungusha fimbo taratibu. Kama meza ipo, acha kichwa kining'inie nje ya ukingo na uviringishe shafti juu yake: iliyopinda itaruka-ruka. Usikubali neno la "itanyooshwa." Chuma cha shafti kikishapinda mahali pamoja, kukinyoosha ni kukimalizia.

Grafaiti, yaani shafti ya nyuzi za kaboni, haipati kutu, ila ina ugonjwa wake. Ikigongana na fimbo za chuma ndani ya begi huchubuka chini ya gripu au karibu na kichwa. Mkwaruzo wa rangi tu hauna shida. Ukiona nyuzinyuzi zimeinuka, au ukisikia mlio mdogo unapoikunja polepole kati ya goti na mikono miwili, iache. Pitisha pamba juu yake: ikinasa, hapo pana ufa.

Sasa shingo, pale shafti inapoingia kwenye kichwa. Shika shafti kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, ujaribu kuvizungusha kinyume. Kisicheze hata kidogo. Kama pete ya plastiki imepanda na kuacha pengo, gundi ya ndani inaweza kuwa imechoka, na joto la buti la gari huichosha. Kwa aironi hiyo si hukumu ya kifo: fundi anayejua kutumia epoksi (gundi kali ya kuchanganya) atatoa kichwa, atasafisha na kugandisha upya. Lakini bei ya kazi hiyo itoke kwenye bei ya fimbo, siyo juu yake.

Sumaku mfukoni

Beba sumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Iguse kwenye kichwa cha aironi. Chuma cha kawaida na chuma cha pua kinachotumika kwenye aironi nyingi nzuri huvutwa. Zinki haivutwi, na vichwa vya zinki ndivyo vinavyowekwa kwenye seti za bei ya chini kabisa. Huvunjikia shingoni, na shingo yake mara nyingi ni nene kuliko kawaida. Kipimo hiki ni cha aironi na wedji tu. Pata inaweza kuwa ya shaba au alumini na ikawa bora, na draiva ya titani nayo haivuti sumaku.

Jina kubwa lisikupumbaze, kwani Ping, Callaway, Titleist na TaylorMade zote zina bandia zake. Aironi za Ping zina msaada wa ziada: namba ya mfululizo huchongwa shingoni na hufanana kwa seti nzima, na nukta ya rangi huonyesha pembe ya kichwa na ardhi. Nyeusi ni ya kawaida, ya bluu ni iliyosimama zaidi, nyekundu ni iliyolala zaidi. Kwa anayeanza, chukua nyeusi.

Urefu, ugumu, umbo

Aironi namba 7 ya kiume yenye shafti ya chuma huwa na urefu wa kama inchi 37, yaani sentimita 94. Ya kike hupungua kama inchi moja. Kila namba ikipanda, urefu hupungua kama nusu inchi. Ukikusanya fimbo moja moja kutoka kwa wauzaji tofauti, zipange ukutani kwa namba. Kama namba 9 inalingana na namba 7, huenda mojawapo imekatwa au imeongezwa. Shafti ya mtu mzima iliyokatwa ili apewe mtoto huwa ngumu na nzito kwake. Mtoto mtafutie ya watoto.

Herufi kwenye shafti ni ugumu wake: L ni laini, A ni ya wazee, R ni ya kawaida, S ngumu, X ngumu zaidi. Wanaume wengi wanaoanza wanatosheka na R. X ni ya mtu anayezungusha fimbo kwa kasi kubwa, siyo ya mtu mwenye misuli mikubwa. Hivyo ni vitu viwili.

Kwa umbo, geuza kichwa utazame mgongo. Uliochimbwa katikati na uzito kusogezwa pembeni husamehe pigo lisilokaa sawa. Ule mwembamba, uliojaa, mzuri kama kisu, huadhibu. Vilevile chini pawe papana kidogo ili fimbo iteleze kwenye nyasi badala ya kuchimba. Draiva ukiipata kwa bei nzuri, iwe ya digrii 10.5 hadi 12. Ya 9 iache. Gonga uso wake na mpira: mlio uliokufa, tofauti na wa draiva nyingine, ni dalili ya ufa. Mikwaruzo ya juu ya kichwa ni sura tu.

Gripu

Gripu ngumu inayong'aa ni hoja ya kupunguziwa bei, kwa kuwa gripu mpya za fimbo sita zinaweza kukaribia bei ya fimbo zenyewe. Kuzibadilisha ni kazi ya nyumbani: chana ile ya zamani kwa kisu kuelekea upande usio na mkono wako, bandua selotepu, weka mpya ya kunata pande mbili, mimina petroli ndani ya gripu huku umeziba kitundu, tikisa, mwaga juu ya selotepu, sukuma gripu kwenye shafti kwa nguvu bila kusita. Fanya nje, mbali na jiko na sigara. Iache siku nzima kabla ya kupiga. Kama huna vaisi (jiliwa la kubania), fundi baiskeli anayo, na Tanga fundi baiskeli hatafutwi mbali. Mwambie afunge shafti na kipande cha mpira wa tyubu, akikaza moja kwa moja ataibonyeza.

Ukiagiza kwa mtu wa mbali, omba picha tano za kila fimbo: uso, chini, mgongo, shingo kwa karibu, na shafti nzima ikiwa juu ya kitu kilichonyooka. Muuzaji anayetuma picha ya begi lililofungwa zipu hana haraka ya kuuza.

Fimbo zikifika, piga mapigo mafupi 20 kwa kila moja kwenye nyasi, pasipo na mtu mbele wala ubavuni, kisha tazama tena pete ya shingoni. Iliyosogea hata milimita moja isipigwe kwa nguvu mpaka igandishwe. Kila ukimaliza kucheza, futa shafti kwa kitambaa kikavu, pitisha tone la mafuta ya cherehani, na uzihifadhi ndani ya nyumba na begi likiwa wazi.